Kiti Chenye Alama za Meno

Mtu ambaye hajawahi kukununulia hata maji ya kunywa akikualika chakula cha mchana, wewe na ukoo mzima, kula kwanza nyumbani. Mama Funguo alikula. Alibugia mkate na chai, akajifuta midomo, ndipo akavaa gauni lake la kutokea. Mwaliko ulitoka kwa wifi yake, na wifi yake alikuwa mkono wa birika, tena birika lenyewe limeziba mdomo.

"Jumapili twendeni wote," wifi alisema kwenye simu, sauti laini kama ya mtu anayekuuzia kitu kibovu. "Kuna mkahawa umejaa vitu vya kale, mtashangaa. Nalipa mimi."

Nalipa mimi! Tangu asikie maneno hayo Mama Funguo hakutulia. Kule saluni alimsuka mteja mistari ya kwenda mbele wakati alitaka ya kurudi nyuma, ikambidi aifumue yote, huku mteja akimuuliza kama kuna msiba.

"Msiba haujatokea," alimjibu. "Unakuja Jumapili."

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, karani wa mahakamani. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya watu na kupanga majalada, lakini alikuwa amekaa huko hadi hukumu zikamwingia damuni. Nyumbani walimwita Hakimu. Mwanzo walimwita kwa utani, siku hizi kwa woga. Na Hakimu alikuwa na kesi moja aliyoibeba moyoni tangu mama yao afariki, kesi ya funguo.

Marehemu, alipoona safari yake imekaribia, aliita watu wote chumbani. Akavua kicha cha funguo kilichokuwa shingoni mwake, funguo za geti, za vyumba na za stoo, akakiweka kwa mikono miwili katika mikono ya mkamwana wake. Si ya binti yake. Ya mkamwana, yule msusi, aliyeolewa juzijuzi tu. Siku hiyo ndipo msusi alipozaliwa upya akaitwa Mama Funguo, na ndiyo siku Hakimu alipoanza kumwita "wifi" kwa namna ambayo ungedhani anatema kokwa.

Stoo ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Humo vililala vitu vya marehemu: kabati la vyombo, meza ya chai, kiti cha kuegemea na saa ya ukutani. Vyote vya mbao vilitengenezwa na mkono wa mzee mwenyewe, mume wa marehemu, seremala, alipokuwa kijana anamtafutia bibi harusi wake vyombo. Baada ya mazishi hakuna aliyeweza kuviangalia. Viliingizwa stoo, kufuli likabanwa, na sebuleni yakaja makochi ya dukani yanayolia mtu akikaa.

Basi Jumapili ikafika. Wakajipakia kwenye gari la kukodi: Mama Funguo, mumewe, mzee, na Shangazi, yaani dada wa mzee, ambaye Hakimu alisisitiza lazima aje.

"Shangazi wa nini?" Mama Funguo alimnong'oneza mumewe. "Kwani tunakwenda kula au kuposa?"

Mumewe alikuwa dereva wa lori, na watu walimwita Breki, kwa kuwa hata kwenye maneno hakuwa na mwendo. Alifikiri kwanza, kisha akasema, "Labda anamkumbuka tu."

"Dada yako akimkumbuka mtu, mtu huyo atafute wakili."

Mzee naye siku hiyo hakueleweka. Asubuhi alisema tumbo linamuuma. Tumbo liliposhindwa kumwokoa akasema goti. Hakimu alimwambia kwa simu kwamba mkahawani hawachezi mpira, watakaa. Ndipo akapanda gari, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, kama mtu anayedaiwa mtaa mzima.

Lakini kumshangaa mzee lilikuwa jambo la kawaida siku hizo. Tangu msumeno wa umeme umkwangue kidole, wanawe walikuwa wamemfungia karakana. Hakimu mwenyewe ndiye aliyebana kufuli. "Pumzika, Baba. Umri umekwenda." Mzee hakubisha. Alianza tu kutoka kila asubuhi, eti ananyoosha miguu, na kurudi jioni amechoka lakini anapiga mluzi. Mama Funguo, mtu wa saluni, alijua mluzi wa namna ile unatoka wapi. Mzee ana mtu, aliwaambia wateja wawili tu, wale wanaotunza siri, na kesho yake mtaa mzima ukawa unaitunza.

*

Mkahawa ulikuwa nyumba kuukuu yenye ngazi za mawe, na ukiingia mlangoni hujui uanze kushangaa wapi. Baiskeli zilining'inia darini kama popo. Vyerehani vya kukanyaga vilikuwa vimewekwa vioo juu vikawa meza. Kulikuwa na kiti cha kinyozi, simu za kuzungusha, beseni la kuogea lililopandwa maua, pasi za mkaa zilizopangwa rafuni kama viatu msikitini, na saa za ukutani ukuta mzima, kila moja ikishikilia ukweli wake. Harufu ilikuwa ya vumbi, kahawa na kuku wa kukaanga.

"Mimi kwangu hivi tunaviita takataka," alisema Shangazi. "Chakula kiko wapi?"

Mhudumu aliwajia mbio na tabasamu. Alipomwona mzee tabasamu likapanuka.

"Shikamoo, fundi!"

Mzee akapatwa na kikohozi. Alikohoa mpaka kofia ikacheza, na mhudumu akageuka haraka kama aliyekanyaga moto, akaanza kuwakaribisha wengine.

Mama Funguo alisimama. "Baba, kijana huyu anakufahamu?"

"Siku hizi kila mwenye mvi ni fundi," mzee alisema, naye akapita mbele.

Jibu hilo lilikuwa na tundu. Lakini kabla hajalichungulia vizuri, Hakimu alitokea ndani akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, sketi na koti, mpya kabisa. Aliwasalimia mmoja mmoja. Alimkumbatia Mama Funguo. Alimkumbatia! Mama Funguo alijipapasa shingoni kuona kama kicha bado kipo.

"Meza yetu iko kule pembeni," Hakimu alisema, akawapitisha kwenye meza nne tupu, nzuri tu, karibu na dirisha na penye upepo, akawapeleka kwenye kona ya joto nyuma ya jiko. Kisha akaanza kuwapanga. "Baba hapa. Shangazi hapa. Wifi, wewe kaa pale. Hapana, pale. Utazame huku."

Wakakaa. Shangazi aliagiza supu, kuku, samaki, viazi, saladi, na akauliza kama kuna vyombo vya kubebea kinachobaki. Breki aliagiza supu. Mzee aliagiza maji. Mama Funguo, aliyeshiba mkate, aliagiza chai, na mkononi mwake kikombe kilikuwa kama silaha.

Chakula kilipofika Hakimu hakugusa sahani. Aliweka viganja mezani, akavuta pumzi.

"Wifi. Umependa mahali?"

"Pazuri."

"Tazama vizuri. Huoni kitu unachokifahamu?"

Hapo ndipo Mama Funguo alipoinua macho, akarudisha kikombe mezani.

Mbele yake, ukutani, lilisimama kabati la vyombo lenye mlango wa kushoto ulioinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Meza waliyokuwa wakilia ilikuwa na alama ya pasi ukingoni, nyeusi, yenye umbo la mtumbwi, na pembeni yake mkwaruzo mrefu. Na kiti alichokuwa amekalia Hakimu, kiti cha kuegemea chenye mikono mipana, kilikuwa na alama za meno kwenye mkono wa kulia. Katikati ya alama kulikuwa na nafasi.

Hakuna mtu wa familia ile asiyezijua alama zile. Hakimu, alipokuwa mdogo, akiambiwa aombe radhi hufunga macho na kung'ata mkono wa kiti cha mama yake mpaka watu wachoke kumngoja. Na Hakimu ana mwanya hadi leo.

"Haya ni meno yangu," alisema Hakimu polepole, akipitisha kidole. "Nilikuja hapa na wenzangu wa kazini. Nikakaa. Mkono ukagusa meno yangu mwenyewe! Nikajisemea, ninyamaze, watu waje waone kwa macho yao, nisije nikaambiwa nina wivu." Alimgeukia mdogo wake. "Breki, kabati lile la nani?"

Breki alitazama kabati, akatazama supu. "Linafanana na la Mama."

"Linafanana! Shangazi?"

Shangazi aliacha paja la kuku hewani. "Mlango ule ulipinda siku ya ubatizo wako. Nilikuwepo. Mtu alilala juu yake."

"Sasa," alisema Hakimu, "funguo za stoo anazo nani?"

Jibu lilikuwa shingoni mwa mtu.

Mama Funguo alijua kitu kimoja tu kwa uhakika, kwamba si yeye. Lakini kama si yeye, ni nani? Macho yake yalianza kutembea pale mezani. Breki? Ana lori. Mtu mwenye lori anaweza kuhamisha hata kanisa. Lakini Breki akitaka kuhamia upande wa pili wa kitanda huomba ruhusa. Shangazi? Wizi wa Shangazi ni wa jikoni tu. Macho yakafika kwa mzee, yakakwama.

Mzee ndiye aliyekuwa akiazima ufunguo wa stoo. "Nipe nikaangalie mchwa, mwanangu." Wiki hii mchwa, wiki ijayo mchwa. Mchwa gani hao wanaokaguliwa kama wagonjwa? Naye alikuwa akikaa humo saa nzima, mlango umerudishwa. Mama Funguo alikuwa hajaingia stoo tangu mvua. Hakuwa na haja. Kumbe mzee anatoa kitu kimoja kimoja! Na mluzi ule, na huyo mtu wake wa asubuhi. Ameuza vyombo vya marehemu amlishe kimada!

Aliyafikiria hayo yote moyoni. Utamwambiaje mkweo, mbele ya wanawe na dada yake, kwamba ni mwizi wa vitu vyake mwenyewe? Alimtazama amsaidie. Mzee alikuwa akikoroga maji kwa kijiko.

"Mke wangu, sema kitu," alisema Breki.

"Niseme nini? Kesi si imeshaamuliwa? Mmenileta kusomewa tu."

"Hujaulizwa vibaya, wifi," alisema Hakimu. "Umeulizwa viko wapi vitu vya mama yangu, na vitu vya mama yangu tunakula kuku juu yake."

*

Hapo ndipo alipotokea mwenye mkahawa, mtu mnene aliyevaa kizibao na tai ya kipepeo, akifuta mikono. Alikuwa na tabia ya kuzunguka meza hadi meza akisimulia vitu vyake.

"Karibuni, karibuni! Mmekaa mahali pa heshima. Kabati hilo lilitoka kwenye jumba la tajiri mmoja aliyekuwa na meli tatu. Mlango umeinama kwa tetemeko la ardhi."

"Tetemeko," alisema Shangazi.

"Na kiti ulichokalia, mama, hicho kina historia! Unaziona alama hizo? Meno ya chui. Tajiri alifuga mtoto wa chui humo ndani. Akikasirika, anang'ata kiti."

Ndipo Shangazi akaanza. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, na kilipotoka viazi vilitoka nacho.

"Chui mwenye mwanya!" alipiga kelele. "Jamani, chui mwenye mwanya! Akiambiwa aombe radhi..."

"Shangazi!" Hakimu aliwaka.

Watu wa meza za jirani waligeuka. Mwenye mkahawa naye alicheka kwa adabu bila kujua anacheka nini. Katika kucheka huko macho yake yalikutana na ya mzee chini ya kofia, na kicheko kikakatika kama uzi. Aliinamisha kichwa, akasema ana kitu jikoni, akaenda.

Mama Funguo aliliona hilo. Hata kipofu angeliona. Wanajuana.

"Yatosha," alisema Hakimu, sauti imepanda. Neno chui lilikuwa limemchoma kuliko wizi. "Sitaki kugombana mbele za watu. Weka funguo mezani, wifi. Mbele ya Baba, mbele ya Shangazi. Mama alikuamini, umeonyesha ulichofanya na imani yake. Leo funguo zinarudi kwa wenye nyumba."

Ilikuwa hiyo, basi. Ndiyo sababu Shangazi aliitwa, na ndiyo sababu ya *nalipa mimi*. Akitoa funguo leo, kesho atakaa kwenye nyumba ile kama mpangaji, na wateja watakuja saluni kusuka huku wameshikilia mikoba yao. Mama Funguo alivua kicha.

Hakimu aliinuka kukipokea. Aliposimama na kunyoosha mkono, mgongo wake ulimgeukia Shangazi.

"We mtoto! Umekalia nini?"

Mgongoni mwa lile koti la rangi ya maziwa kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja mmoja, imenyooka, jinsi fito za kiti zilivyokaa. Na chini ya mistari, kwenye sketi, palikuwa na duara kubwa ambalo Shangazi alikataa kulitazama mara mbili. Kona ile ilikuwa ya joto, na Hakimu alikuwa ametoka jasho la hasira tangu supu.

"Uchafu wao!" Hakimu alijipapasa. "Watanilipa! Suti ni mpya!"

Lakini Mama Funguo alikuwa ameshaushika upindo wa koti. Aliufikicha kwa vidole, akaunusa. Haukuwa uchafu. Ilikuwa rangi, tena rangi ambayo haijashika. Taulo zake zote za saluni zilikuwa na historia hiyo hiyo: mteja haambiliki, anatoka kabla dawa haijakolea, jasho la kwanza tu linamwaibisha kwenye kola. Kiti chenye umri unaompita Breki kingetoa vumbi, kingetoa kunguni, kingetoa hata mizimu. Rangi kingeitoa wapi?

Aligeuka kumtazama mzee. Hakumtazama usoni. Alimtazama vidole. Kuchani alikuwa na kahawia ile ile, ambayo Mama Funguo kwa wiki nzima alikuwa ameisingizia ugoro.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vyote vikamjia kwa mara moja: mchwa, na mluzi, na "shikamoo, fundi", na kikohozi. Hakuna kimada. Mzee alikuwa na randa.

Na mzee alijua kuwa amejua. Macho yao yalikutana, naye akayaondoa upesi, akayapeleka kwenye glasi.

Angeweza kumtaja pale pale. Neno moja lingetosha. Lakini lingekuwa neno lake dhidi ya la mzee, na mkamwana anayemnyooshea mkwewe kidole huwa ameshashindwa hata akishinda. Basi alikisogeza kicha mbele ya mzee, si mbele ya Hakimu.

"Baba," alisema. "Anayezitaka ni binti yako. Aliyenipa ni mkeo. Aliyekuwa akiziazima, unamjua. Mpe unayeona anastahili."

Saa moja ukutani iligonga, nyingine ikaibishia. Mzee alikitazama kicha. Alikigusa kwa kidole kimoja, kama anayepima unyevu wa mbao. Mama Funguo alimwomba kimoyomoyo. Sema, Baba. Sema tu.

"Labda..." alisema mzee. "Labda kwa sasa Hakimu azishike. Tuache maneno. Mambo yatatulia."

Naye akakisukuma kicha kuelekea kwa binti yake.

Breki alisema "Baba" kwa sauti ambayo haikuwahi kumtoka. Hakimu alizidaka funguo kabla kicha hakijatulia mezani.

Mama Funguo alisimama, akachukua mkoba wake.

"Sawa. Nikifika nyumbani nafunga saluni, nakusanya vitu vyangu. Siwezi kulala kwenye nyumba ninayoitwa mwizi. Lakini kabla sijaondoka nina ombi moja, Baba, na sitakuomba kingine. Tuonyeshe mikono yako."

"Mikono ya nini tena?" Hakimu alifoka.

"Ya baba yako. Iweke mezani, Baba. Ni mikono tu."

Kila mtu alimtazama mzee. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, nayo haikuonekana kutaka kutoka. Shangazi aliacha kutafuna, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtisha mtu. Hatimaye mzee alivua kofia, akaiweka kando, akatandaza viganja juu ya ile alama ya pasi. Vilikuwa na malengelenge mapya, mikwaruzo ya msasa, na kahawia imejaa kila ufa. Mikono ya mtu anayepumzika haiwi vile.

Hakimu alitazama mikono, akatazama sketi yake.

"Uliviuza wewe?"

"Sijauza kitu cha mama yenu," alisema mzee. "Nimevitengeneza."

"Tunajua ulivitengeneza, Baba. Kabla hatujazaliwa."

"Mwezi uliopita."

Akaeleza, kwa sauti ya chini, akitazama vidole vyake badala ya watoto. Mwenye mkahawa alimfuata akitaka kununua vyombo vya marehemu. Alikataa. Lakini usiku ule mikono ikamwasha. Karakana mmeifunga, vifaa mmevificha, mnanipa rimoti ya televisheni kama mtoto. Akamwambia yule mtu, sikuuzii, nitakutengenezea. Rafiki yake mmoja akampa kona ya kufanyia kazi. Kila akitaka vipimo aliazima ufunguo.

"Na meno yangu?" Hakimu aliuliza. "Hata meno yangu, Baba?"

Mzee alionekana kuona haya kwa mara ya kwanza. "Nilikimaliza bila meno. Nikakitazama siku mbili. Hakikuwa kiti. Nikachukua patasi. Na mlango wa kabati nilijaribu kuunyoosha. Mkono ulikataa."

Mwenye mkahawa alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya gramafoni akitoka jasho. "Fundi," alinong'ona, "tulikubaliana..."

"Tulikubaliana nisiseme. Hatukukubaliana mkwe wangu aitwe mwizi."

Maneno mazuri, alijisemea Mama Funguo. Lakini wewe, Baba, ulikuwa umeshakubali. Umekubali hapa hapa, mbele yangu, kabla chai haijapoa.

Mama mmoja wa meza ya jirani aliinama kwao. "Samahani, kwa hiyo hakukuwa na chui?"

"Chui yupo," alisema Shangazi, akionyesha kwa mfupa. "Huyo hapo. Usimkaribie."

*

Karani wa mahakama haamini neno bila kielelezo. Hakimu alilipa, akakataa kurudishiwa chenji kwa hasira, kisha akarudi kuichukua, na wote wakaenda moja kwa moja hadi nyumbani. Garini Shangazi alipakata mifuko yake ya chakula, na mzee alikaa mbele karibu na dereva, kama mshtakiwa.

Hakimu mwenyewe ndiye aliyefungua stoo, baada ya kujaribu funguo nne zisizokuwa zenyewe. Jua la alasiri liliingia pamoja nao. Kabati lilikuwepo. Meza ilikuwepo, juu yake saa. Kiti kilikuwa ukutani kimefunikwa kanga ya marehemu, na Hakimu alipoivua vumbi lilisimama hewani, likakataa kushuka.

Hakukipima wala hakukikagua. Alikalia kile kiti, na suti yake iliyokwisha kuharibika, akaweka kiganja juu ya meno yale ya kitoto, akakaa hivyo. Breki alitaka kusema kitu, Mama Funguo akamkanyaga mguu.

Baadaye Hakimu aliinuka. Alinyoosha kicha kwa mkono mmoja, uso ameugeuzia mlangoni.

"Shika, wifi."

Mama Funguo hakunyoosha mkono.

"Shika basi!"

"Mama yako alinipa mbele ya watu," alisema. "Wewe umenipokonya mbele ya watu. Watu hawa hapa."

Hakimu alifumba macho. Taya zilimkaza, na kwa kweli, kama kiti kingekuwa karibu na mdomo wake, pengine pangepatikana safu ya pili ya meno. Lakini alifumbua macho. Akakusanya funguo kwenye viganja viwili, akamtazama.

"Nimekukosea," alisema. "Zishike wewe. Baba na Shangazi wameona."

"Nimeona," alisema Shangazi. "Sasa nani anapasha moto huyu samaki?"

Walikula tena, safari hii kwa njaa. Hakimu na Breki walibishana kuhusu karakana hadi jioni. Breki alisema ifunguliwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukanyaga breki hata pale dada yake alipokunja uso. Ikakubaliwa ifunguliwe, bila ule msumeno wa umeme.

Mzee alimfuata Mama Funguo jikoni. Alisimama mlangoni, akazungusha kofia.

"Mwanangu, nilikuwa nasema. Ungesubiri kidogo tu, nilikuwa nasema."

Mama Funguo aliendelea kuosha sahani.

"Ungesema lini, Baba?"

Kisha Mama Funguo alimwekea chai yake kama kawaida, sukari kidogo, akampa kwa heshima zote za mkwe.

Siku chache baadaye, saluni ikiwa imejaa wateja na kila mmoja akitaka kusikia habari ya chui tangu mwanzo, mzee alipenya katikati yao na penseli sikioni.

"Nipe ule ufunguo wa stoo, mwanangu. Nataka kupima saa. Yule bwana anataka nyingine."

Zamani angeuchomoa kwenye kicha bila hata kuangalia. Sasa aliweka kitana chini, akamwomba radhi mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, akafuatana naye uani. Alifungua kufuli kwa mkono wake. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia pale mlangoni.

"Si lazima ukae," alisema mzee. "Siondoki na kitu."

"Najua, Baba," alisema Mama Funguo, akaweka mguu juu ya mguu. "Pima tu."